Kurudi kazini Bukavu na mtoto wa miezi miwili

Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mama wiki 14 za likizo ya uzazi, ila baada ya kujifungua hazizidi 8, na malipo ni theluthi mbili ya mshahara. Kwa hiyo hesabu ya gharama za mlezi atakayebaki na mtoto ianze mapema, wakati mshahara tayari umepungua. Andika yote: malipo ya mlezi, chakula chake cha mchana, sabuni, na pikipiki siku za mvua. Mama wengi hukosea hapo. Huhesabu malipo ya mwezi tu.

Maziwa ya kopo hula pesa nyingi, hivyo kamua yako. Kwa saa 8 mtoto huhitaji takriban mililita 250. Gawa katika vikombe vya mililita 60, maana akibakiza, kilichoguswa na mdomo wake humwagwa baada ya saa mbili. Yasiyoguswa, yakikaa nje ya friji, hudumu saa 4. Ya asubuhi yatumike kwanza. Umeme ukikatika kila mara, usitegemee friji. Usiyachemshe: weka kikombe ndani ya maji ya vuguvugu. Anyweshwe kwa kikombe kidogo, si chupa, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha na maji yetu tunayajua.

Sheria hiyohiyo inakupa mapumziko mawili ya kunyonyesha, ya nusu saa kila moja, kwa siku. Unayeishi Bagira na kufanya kazi Ibanda, sehemu mbili tofauti za Bukavu, omba yaunganishwe utoke saa nzima mapema.