Kabla ya kununua vipande vya mfuko wa majengo

Hapa Dodoma mtu akishika fedha hukimbilia kiwanja Iyumbu au Nala. Mfuko wa majengo, REIT, ni njia nyingine: mnachanga wengi, meneja ananunua ofisi, maduka au nyumba, nanyi mnagawana pango kulingana na vipande. Marekani sheria inautaka mfuko ugawe angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi. Kenya, asilimia 80 ya faida.

Gawio kubwa lisikulaghai. Kipande cha shilingi 1,000 kinacholipa 80 kwa mwaka kinatoa asilimia 8. Bei ikishuka hadi 640, gawio lilelile linasomeka asilimia 12.5, na huenda wapangaji wameshaanza kuhama. Fungua ripoti ya mwaka: nafasi ngapi ziko wazi, mikataba inaisha lini, deni ni kiasi gani, meneja anakata ngapi. Mfuko unaotegemea mpangaji mmoja mkubwa, mimi siugusi.

Kutoka nako, yaani kuuza vipande vyako, ni kazi, maana wanunuzi ni wachache. Kipande cha Fahari, mfuko wa majengo wa Kenya, kiliuzwa shilingi 20 za Kenya mwaka 2015. Mwaka 2023 baadhi ya wenye vipande walipewa ofa ya 11. Ada ya shule ya Januari usiiweke humu. Leseni ya meneja ihakikishe kwanza kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.