Simu Iko Kwenye Friji

Kwetu simu yangu ikipotea, mume wangu haulizi. Anafungua friji. Huwa ipo hapo, kando ya nyanya, imepoa vizuri, na mimi niko chumbani napekua mito huku nimeshika pakiti ya maziwa.

Nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini uwe mgumu, na niliambiwa nikiwa mtu mzima, mama wa watoto. DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, umeorodhesha dalili 9 za kukosa umakini. Kusahausahau shughuli za kila siku ni mojawapo. Mtu mzima akiwa na 5, pamoja na masharti mengine, anahesabiwa kuwa nayo. Nilivyoisoma ile orodha nilicheka hadi machozi. Utadhani aliyeiandika amewahi kupanga chumba kwetu.

Lakini kiboko ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tokeni ina tarakimu 20. Nanunua, naelekea kwenye mita simu mkononi, njiani naona kitambaa kimeanguka. Nakiokota, nakipeleka kwenye beseni, nakumbuka kuna nguo za shule, naloweka zote, naanza kufua kwa raha zangu. Usiku umeme unazima, na wa kwanza kulalamika ni nani? Mimi.

"Jamani, wamekata tena!"

"Mama, ile tokeni uliingiza?"

Siku hizi binti yangu ndiye anayeingiza. Anatoza andazi kwa kila tokeni, na anasema kuna deni la wiki iliyopita. Nitabishaje? Sikumbuki.