Siku Moja Maishani Mwangu: Yule wa Mikojo

Hapa Lamu mjini wapo wanaoniita "yule wa mikojo", nami nimekwisha kuzoea. Saa moja asubuhi nilifungua maabara, nikaijaribu mashine kwa sampuli ya udhibiti, ile ambayo majibu yake yanajulikana tayari, nikapokea vichupa vya mikojo ya wagonjwa wa kisukari na presha. Hadi saa tatu hakukuwa na la kusimulia.

Kisha akaja mzee mmoja kutoka Faza, aliyepanda mashua alfajiri na kukataa kunywa maji asije akabanwa na haja baharini. Mkojo wake ulikuwa wa manjano iliyokolea. Mashine ilisoma miligramu 80 za albumini, protini ya damu ambayo figo nzima huizuia isipite kwa wingi, kwa kila lita, kiasi cha kutisha kikitazamwa peke yake. Lakini kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, ilikuwa gramu 3 kwa lita, dalili ya mkojo mzito, na ukigawanya albumini kwa kreatinini unapata takriban miligramu 27 kwa gramu, chini ya kikomo cha 30. Huo ni mkojo wa kawaida. Programu inayofasiri majibu, hata hivyo, iliandika kwa maandishi mekundu kuwa protini imeongezeka, na mzee akayasoma kabla sijaigeuza skrini.

"Mwanangu, ndiyo kusema figo zimekufa?"

"Hasha, mzee wangu. Nipe nafasi niangalie."

Nilipekua kila ukurasa wa mipangilio, nikapiga simu kwa waliotuuzia programu, nikasubiri, nikapiga tena, huku mzee akiniuliza kila baada ya dakika mbili, na foleni ikinung'unika mlangoni, hadi nilipogundua mwenyewe kwamba kizio cha kipimo kilikuwa kimebadilishwa: 27 yangu ilisomwa kuwa ni miligramu kwa milimoli, namna nyingine ya kuhesabu kreatinini, ambako kikomo ni 3 tu. Programu haikukosea hesabu. Ilipotoshwa na kizio, na haikuwa na macho ya kuuona ule umanjano.

Mzee naye akataka karatasi ya kuthibitisha kwamba ni mzima kabisa. Nilimweleza kuwa siwezi, kwa kuwa albumini ni upande mmoja tu, na kreatinini ya damu hajapimwa. Tena hata albumini ingezidi, homa au kazi nzito huweza kuipandisha kwa muda, na ugonjwa sugu wa figo hauthibitishwi mpaka dalili zidumu zaidi ya miezi mitatu. Hakuridhika.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Majibu mengine kumi na moja ya asubuhi ile yalikuwa yamepitia kizio kilekile kibaya, ikabidi niyasahihishe moja moja, na alasiri mzee alipochungulia dirishani akielekea mashuani, kuuliza kama kompyuta imepona, nilikuwa kwenye la saba.