Pesa za Mwanangu Nilizokula

Noti ya kwanza niliikuta chini ya kikombe changu cha chai, imekunjwa mara nne. Shilingi elfu kumi. Ilikuwa Julai 2019, kusi limeshika, na mimi ndiyo kwanza nimetoka baharini, kanga zimelowa mpaka kifuani. Nikamwuliza mwanangu mkubwa zimetoka wapi.

"Nimebeba mizigo ya Mtaliana, mama. Kanipa mwenyewe."

Alikuwa na miaka 12. Nikamwambia ahsante, baba, Mungu akuzidishie. Usiku ule tukala wali kwa samaki, na mdogo wake wa kike akaomba ukoko. Nakumbuka nililala nimefurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikilikumbuka.

Mimi ni mkulima wa mwani hapa Jambiani. Kilimo hiki kilianza kwetu upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na mama yangu alifunga kamba zake kabla hata sijajua kuogelea. Anayelima mwani hajipangii saa zake. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndipo panapokuwa na bamvua. Maji hukupwa mpaka mbali, na kwetu maji makavu ya bamvua huangukia karibu na saa nne asubuhi. Kwa hiyo saa mbili nimo njiani na kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, kichwani, na kurudi ni adhuhuri. Siku hizo tano au sita ukizikosa, umekosa mpaka bamvua jingine, na mwani uliokomaa hukatika ukachukuliwa na mkondo. Maji mafu, bahari isipokupwa sana, ndiyo mapumziko yetu, kama kuanika na kufunga magunia ni mapumziko.

Baba yao alikuwa mvuvi. Alikwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, mwaka 2017, akaoa huko huko, na talaka yangu ikaletwa na ndugu yake. Sitamsema hapa zaidi ya hivyo. Nilibaki na watoto watatu: huyu wa kiume, wa kike aliyekuwa na miaka sita, na kitinda mimba niliyekuwa bado namnyonyesha.

Noti zikaendelea kuja. Elfu tano, elfu mbili za kupigwa picha na wageni, mara moja elfu ishirini. Nilijua anakwenda ufukweni akitoka skuli. Nilijiambia ni mtoto mwerevu, anajua Kitaliana kwa kusikia tu, acha achangamke. Kilo saba au nane za mwani mbichi hukupa kilo moja kavu, na kilo hiyo ya spinosum, aina ya mwani tunaolima, wakati huo ilikuwa haifiki shilingi elfu moja. Mtoto alikuwa akileta kwa jioni moja kile nilichokipata kwa siku kadhaa za kuinama. Mtu mwenye njaa hachunguzi sana.

Mwishoni mwa Septemba mwalimu wake wa darasa alinikuta barazani naanika makumbi ya nazi. Akasalimu, akakaa, akauliza kwa upole: "Bi mkubwa, mtoto anaumwa nini?" Nikasema haumwi. Akafungua daftari la mahudhurio akanionesha. Siku 23 hakufika. Zile siku ambazo mimi nimo baharini alivaa sare, akatoka na mkoba, akapita nyuma ya minazi mpaka pwani. Katika chuo cha Kurani pia maalim alikuwa hamwoni.

Niliingia ndani nikachukua fito nikamngoja. Nilimpiga. Nilimpiga kwa ajili ya skuli, na nadhani nilimpiga pia kwa ajili ya baba yake. Hakulia. Alisimama tu, na nilipochoka akaniuliza:

"Sasa mchele atanunua nani, mama?"

Akatoka. Hakurudi usiku ule wala uliofuata. Ufukweni kwetu kuna vijana wakubwa tunaowaita mapapasi. Wengi wao ni watoto wa majirani, wanatafuta riziki kwa kuzungusha wageni na sina neno nao, lakini katikati yao kuna bangi, kuna unga, na kuna watu wazima wanaowaita watoto vyumbani. Nilikesha nikitembea mchangani na tochi ya simu, naita jina lake. Siku ya tatu alfajiri mvuvi mmoja alimleta. Alimkuta amelala ndani ya ngalawa, kajifunika tanga.

Nilikwenda kwa mama yangu nikitaraji anifariji. Alinisikiliza huku anasokota kamba, asinikate kauli. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Na pesa zake ulikuwa unazila?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Basi humlei mtoto. Umejitafutia mume mwingine, kafupi kidogo." Akaendelea kusokota.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye, na hasira ile ilinichukua mpaka magharibi kuisha. Halafu nikakaa na daftari la mwani nikaanza kukumbuka. Kila noti, kila siku. Kumi, tano, mbili, ishirini. Jumla ilifika 86,500. Huenda nilisahau nyingine, lakini hiyo ndiyo niliyoweza kuapa kwayo.

Baada ya Isha nikamwita, nikamwekea daftari mbele yake juu ya mkeka.

"Baba, hizi ni pesa ulizonipa tangu Julai. Nimekukopa. Nitakulipa."

"Sikukukopesha, mama. Nimekupa."

"Mama ndiye anayemlisha mtoto. Ukiwa mtu mzima na kazi yako utanipa, nami nitapokea kwa mikono miwili na nitakuombea dua. Sasa bado. Kuanzia leo sipokei hata mia."

Alichezea ncha ya mkeka muda mrefu. Nikamwomba radhi kwa fito. Sikuwahi kumsikia mama yangu wala bibi yangu wakimwomba mtoto radhi, na maneno yalinitoka kwa taabu. Hapo ndipo alipolia, na alilia kilio cha mtoto mdogo, kile cha kutaka kupakatwa. Nikampakata, miguu yake mirefu ikiburura chini.

Kusema ni rahisi. Mchele haukuja kwa sababu mimi nimesema. Miezi miwili ya mwanzo tulikula muhogo, siku nyingine na mchuzi wa pweza nikimpata maji yakikupwa, siku nyingine na chumvi. Usiku nilisokota kamba za makumbi nikauza. Mwenye duka aliniongezea deni mara mbili, mara ya tatu akakataa, na sikumlaumu. Binti yangu aliuliza mbele ya kaka yake kwa nini siku hizi haleti pesa. Mwanangu akanitazama. Ilikuwa rahisi sana kusema kalete hata elfu mbili tu. Nilikwenda uani nikanawa uso.

Lakini muhogo haukuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa lilikuwa zile asubuhi za bamvua, nyumba inapobaki bila mtu mzima. Nilizungumza na wenzangu watatu ambao kamba zao ziko karibu na zangu. Kila mmoja alikuwa na watoto na kila mmoja alikuwa na hofu hiyo hiyo, ila tulikuwa tunaoneana haya kusema. Tukafanya kikoa. Kila siku ya bamvua mmoja wetu anabaki nchi kavu na watoto wote wa nyumba nne: anawapikia uji, anawafikisha skuli mpaka getini, anawapokea, anawapeleka chuoni. Wale watatu walio baharini wanamfungia kamba zake aliyebaki.

Kikoa kilitaka kuvunjika mwezi wa kwanza tu. Mwenzetu mmoja alikuta mwani wake umechukuliwa na maji, akasema tumemfungia ovyo kwa kuwa si wetu. Huenda ni kweli, tulikuwa na haraka. Ikabidi tukae, tukubaliane kila mtu aanze na kamba za mwenzake kabla ya zake. Tangu hapo hakuna aliyelalamika. Mwanangu mwanzoni aliona aibu kusindikizwa kama mtoto wa maandalizi. Shoga yangu mmoja, mwanamke wa maneno machache, alimwambia: "Nisindikize mimi basi, naogopa ng'ombe wa njiani." Akawa anatangulia mbele na fimbo, na watoto tisa nyuma yake.

Siku za maji mafu nilizifanya zao. Nilimwomba mwanangu awe ndiye anayeshika daftari la mwani: kamba ngapi zimefungwa, lini, kilo ngapi zimekauka. Mimi niliishia darasa la saba na hesabu zangu ni za vidole. Mwezi ule ule aligundua stakabadhi moja imeandikwa vibaya: kilo 64 kwa shilingi 600, mnunuzi kaandika 34,800. Alikwenda nami, akaonesha kwa heshima, shikamoo yake mbele, na tofauti ya 3,600 ikatolewa pale pale. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaruka. Nilitamani mwalimu wake angemwona.

Na kila nikiuza, nilimlipa. Elfu mbili, elfu tano, mara moja mia tano. Alizitia kwenye kibubu cha kopo, akaandika salio mwenyewe. Siku za mwanzo alipokea kama anayepokea kitu cha wizi. Baadaye akaanza kuuliza, "Mama, bamvua hili limekuaje?" na nikajua anauliza habari za deni lake, na nikafurahi kuulizwa.

Sitasema yote niliyafanya mimi. Machi 2020 skuli zilifungwa kwa ajili ya Korona, na zikakaa hivyo mpaka mwishoni mwa Juni. Wageni waliondoka, hoteli zikafunga milango, na ufuko wetu ukawa kama nilivyouona utotoni, kaa na kunguru tu. Mwanangu alikuja baharini nami kila bamvua. Alimwona kijana mmoja aliyekuwa akimnunulia soda na kumvalisha miwani yake ya jua, anakuja kwangu kuomba nimpe kazi ya kubeba magunia, alipwe hata kwa muhogo. Nilimpa. Sikumwambia mwanangu neno lolote juu ya hilo, na naye hakuniambia. Lakini jioni alimpelekea kijana yule sahani ya chakula bila kutumwa.

Miezi ile ndiyo niliyomjua mwanangu. Nilikuwa simjui. Nilijua ukubwa wa viatu vyake na chakula asichokipenda, sikujua kwamba anaogopa giza la uani, wala kwamba kila ngalawa inayotokea kwenye mlango wa mwamba alikuwa anatazama tanga lake kama ni la baba yake. Aliniambia hayo tukiwa tumeinama, tunafunga mwani, uso wake chini. Watoto wa kiume wakikabiliwa uso kwa uso hunyamaza. Ukiwa nao bega kwa bega kwenye kamba moja, mambo hutoka yenyewe. Mdogo wake wa kike naye alifundishwa na kaka yake meza za hesabu pale pale kwa kuhesabu vishada vya mwani: vishada saba, kamba tatu, ni ngapi? Mtoto wa miaka tisa kajifunza kuzidisha akiwa na maji magotini, na mpaka leo ukimwuliza saba mara nane huangalia miguu yake kwanza.

Mwisho wa 2020 ndege za Warusi zikaanza kushuka, na ufuko ukajaa tena. Mwanangu amefika miaka 13, anakwenda kuanza kidato cha kwanza, sauti inavunjika. Jioni moja akanijia akasimama mlangoni kama mgeni. "Mama, nataka kurudi pwani. Nakuomba ruhusa."

Moyo uliruka. Lakini alikuja kuomba, na mara ya kwanza hakuwa ameomba. Tulijadiliana mpaka usiku. Nilikubali Jumamosi peke yake, na kwa mtu mmoja tu, yule mvuvi aliyemkuta kwenye ngalawa, ambaye huwapeleka wageni kutazama matumbawe. Kabla ya magharibi awe nyumbani. Pesa ni zake, za vitabu na sare, asinioneshe. Nilikwenda mwenyewe kwa mvuvi kuyasema hayo, na mkewe akiwepo. Kuna majirani walioniona dhaifu, kwamba ningemkataza moja kwa moja. Mimi naona mtoto wa Jambiani ataishi na wageni atake asitake, na ni bora ajue kuwaaga na kurudi nyumbani. Alikosea mara mbili, alirudi baada ya Isha. Mara zote mbili nilimngoja barazani, na Jumamosi iliyofuata hakwenda.

Deni nililimaliza katika Ramadhani ya mwaka 2021. Zilikuwa zimebaki elfu nne na mia tano. Tulikuwa tumefuturu, mama yangu yupo, watoto wadogo wanagombea tambi. Nilizihesabu juu ya mkeka, akazipokea, akafungua daftari kwenye ule ukurasa wa kwanza uliojaa mistari. Akaanza kuandika kwa herufi kubwa: IMEKWI. Hapo kalamu ikagoma. Akaitikisa, akaipuliza, akaisugua kwenye kiganja. Wino umekwisha.

Akaniangalia. Tangu siku ile ya noti chini ya kikombe hakuwa ameniomba kitu hata kimoja, si peremende, si kandambili.

"Mama," akasema, "naomba mia tano ninunue kalamu."

Nikafungua pindo la kanga.