Siku moja maishani mwangu: siku mto ulipogeuka "yeye"

Saa 10:40 alfajiri

Sheria yangu ya kwanza ni kutogusa simu kabla ya kuandika, na ndiyo ninayoivunja kuliko zote. Leo nimeivunja nikiwa bado kitandani. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mdogo wangu, ambaye husoma rasimu za riwaya zangu za fantasia kabla ya mtu mwingine yeyote na hajawahi kunionea huruma.

"Dada, nimemaliza sura ya kumi na nne. Mjumbe wako ametoka ngome ya Kilewe akafika bandari ya Tao kwa siku tatu, na farasi mmoja. Nimepima barabara kwenye ile ramani uliyonitumia, kwa rula. Ni kilomita mia nne. Huyo farasi anatumia betri?"

Nimecheka peke yangu gizani. Halafu nikaacha kucheka, maana ramani nimeichora mimi na kipimo cha pembeni nimekiandika kwa mkono wangu.

Saa 11:00 alfajiri

Huwa naanza kwa kusoma kwa sauti ukurasa wa mwisho wa jana. Macho yanasamehe mengi; ulimi ukijikwaa, kuna neno limekaa vibaya. Jana pia niliiacha sentensi ikiwa nusu, kwa makusudi, ili leo nisikutane na karatasi tupu. Sentensi yenyewe ilikuwa: "Farasi alipoliona lango la Tao," basi, imeishia hapo. Nimeifuta.

Farasi mmoja, akiwa na mtu mgongoni na safari ya siku kadhaa mfululizo, akifanya kilomita 50 au 60 kwa siku amejitahidi. Wapo wanaokimbia kilomita 160 kwa siku moja kwenye mashindano, lakini hao hawaamki kesho yake wakarudia. Siku tatu kwa kilomita 400 ni kuua farasi, na mimi nilikuwa nimemfikisha anatikisa mkia.

Kila mara nikieleza hesabu za namna hii, kuna mtu huniuliza: si unaandika fantasia wewe, kwani uchawi umekwisha? Uchawi upo, ila una mipaka ya makubaliano. Msimulizi akisema "Paukwa!" na wasikilizaji wakaitika "Pakawa!", wamekubali kudanganywa, lakini wamekubali ule uongo watakaotajiwa. Wasomaji wangu wamekubali kwamba mto unaweza kusikia. Farasi asiyechoka hawakuletewa mezani.

Saa 12:30 asubuhi

Njia ya kwanza: nisogeze Tao karibu. Haiwezekani. Milima ya Kilewe iko pale ilipo kwa sababu ndiyo inayozuia upepo wa baharini. Upande unaotazama bahari unapata mvua, upande wa pili ni jangwa, na jangwa hilo ndilo chanzo cha vita vyote vya kitabu cha kwanza. Nikisogeza milima, kitabu kilichokwisha kuchapishwa kinabomoka.

Njia ya pili: vituo vya kubadilisha farasi. Hapa nimepoteza saa nzima, na sijuti. Huko Marekani, kuanzia Aprili 1860, kulikuwa na huduma ya barua iliyoitwa Pony Express iliyopeleka barua kiasi cha kilomita 3,000 kwa siku kama kumi hivi, kwa kubadilisha farasi njiani. Ilidumu mwaka mmoja na nusu tu, kisha telegrafu ikaiua. Kwa mwendo huo, kilomita 400 zinapatikana hata chini ya siku mbili. Nikaanza kujenga. Kituo kila kilomita 20, vituo 20. Farasi kumi kila kituo, farasi 200. Farasi wa kilo 500 anahitaji kama kilo kumi za majani makavu kwa siku, kwa hiyo tani mbili kila siku iendayo kwa Mungu, zilimwe, zikatwe, zibebwe. Na nani? Kilewe ni ufalme wa wachungaji maskini wanaolala na mbuzi wao. Ufalme wenye uwezo wa kulisha farasi 200 wa barua tu usingekuwa na sababu ya kuomba msaada Tao.

Hivi ndivyo ninavyojenga ulimwengu, na sidhani kama ni kipaji. Unavuta uzi mmoja, unatazama nini kinafumuka.

Saa 2:00 asubuhi

Nilikuwa nimesimama mbele ya ramani ukutani nikimlaani farasi, nikaona mto.

Mto Ombe unaanzia chini ya ngome na kumwaga maji yake Tao. Umekuwa pale tangu ramani ya kwanza. Mto haulali wala hauli majani. Nilichukua uzi wa kushonea nikaulaza juu ya mto, kona kwa kona, kisha nikaunyoosha kwenye rula: kilomita 510, maana mito haijui kwenda moja kwa moja. Maji yakienda mita mbili kwa sekunde, kama mto uliofurika unavyoweza, yanatembea karibu kilomita 173 kwa siku. Kwa siku tatu, 518.

Nimepiga kelele. Jirani yangu ameshazoea.

Kwa hiyo mjumbe hayupo tena. Maskini, alikuwa na jina na mama mgonjwa. Zinduwe, shujaa wangu, ataupa mto ujumbe yeye mwenyewe. Lakini mto lazima uwe umefurika, kwa hiyo lazima iwe masika, kwa hiyo vumbi lote la sura ya 12 linageuka tope, na ile sherehe ya kuruka moto itanyeshewa. Nimeandika kwenye karatasi ya njano: VUMBI → TOPE, SURA 11–13. Karatasi hizo zimejaa ukutani kama magamba.

Saa 3:30 asubuhi

Sasa kuandika kwenyewe. Naandika rasimu ya kwanza kwa kalamu, kwa sababu kompyuta inanishawishi kusahihisha kabla sijasema.

Kuna jambo nimelisubiri kwa sura 13 nzima. Kiswahili kinampa mwandishi wa fantasia kitu ambacho sijui ningekipata wapi kwingine. Chenye uhai wa mtu au mnyama huchukua "a", hata jina lake likiwa la ngeli nyingine. Kiboko amelala. Ukisema kiboko kimelala, msomaji haoni mnyama tena, anaona mjeledi umelazwa chini. Herufi chache tu zimeutoa uhai.

Mimi nimezigeuza kinyumenyume. Tangu ukurasa wa kwanza, mto ni mto: umejaa, unapita, ulikauka. Zinduwe ameoga ndani yake, ameutukana, ameutupia mawe. Leo anapiga magoti ukingoni usiku, mvua inanyesha, anasema maneno yake. Kisha nimeandika:

*Mto alinyamaza. Kisha akauliza, "Utanilipa neno gani?"*

Hakuna ngurumo wala mwanga wa buluu. Ni "u" iliyogeuka "a", basi. Nimekaa kama dakika kumi nikiitazama sentensi hiyo.

Katika kitabu kilichopita nilifanya hivyohivyo na mti, na msomaji prufu mmoja, kwa nia njema kabisa, akanirudishia "mti alisema" zote kuwa "mti ulisema". Niligundua usiku wa mwisho kabla ya kwenda kiwandani. Safari hii mswada utaondoka na barua ukurasa wa mbele: *mto ni yeye kuanzia sura ya 14, tafadhali msimponye.*

Saa 6:00 mchana

Nimeacha. Maneno 640, lengo langu ni 800, lakini siku ambayo mto umesema siihesabu kwa kilo. Mkono unauma.

Saa 8:00 mchana

Kazi inayonilipa: kuhariri ripoti za watu. Leo kurasa 40 kuhusu mifumo ya majitaka, na nimejifunza kitu kuhusu mteremko wa mabomba kitakachoingia kwenye kitabu cha tatu. Zaidi ya hapo sina la kusema kuhusu mchana huu.

Saa 10:30 jioni

Natembea. Hapa ndipo watu wanapodhani mawazo "yananijia". Yanakuja, ila hutoka kwenye vitu nilivyosoma zamani vikiwa bado vimebaki na makali.

Cha kwanza ni Fumo Liyongo. Shujaa asiyepenywa na silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Nilipoisikia nikiwa mtoto nililia. Nilipoikumbuka ukubwani niliona ufundi: nguvu isiyo na kikomo haisimuliki. Hadithi yote ya kifo chake imekaa kwenye ncha ya ile sindano. Ndiyo maana kila ninapobuni uchawi, swali la kwanza ni unakoishia, na nani aliye karibu vya kutosha kupafikia.

Cha pili ni majina ya siku zetu wenyewe. Jumatano ni ya tano, kwa kuhesabu kutoka Jumamosi. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Siku mbili za tano zimekaa pua kwa pua kila wiki, na hakuna anayeshtuka. Ulimwengu wa kweli umejaa viraka kama hivyo, kwa sababu watu wamekuja, wamehesabu kwa namna yao, na hakuna aliyefuta hesabu ya mwenzake. Ulimwengu wa kubuni ukinyooka mno, unanuka wino. Tao ina miezi 12 yenye majina ya namba, na mwezi unaoitwa Wa Tatu ni wa tano. Sijaeleza popote kwa nini. Ninajua mimi.

(Na la, sina majoka. Kiumbe ukikiongeza urefu mara mbili bila kubadili umbo, eneo la mabawa linakua mara nne na uzito mara nane. Quetzalcoatlus, mtambaazi wa kale anayehesabiwa miongoni mwa viumbe wakubwa kabisa waliowahi kuruka, alikuwa na mabawa ya kama mita kumi kutoka ncha hadi ncha. Joka la ukubwa wa nyumba linahitaji uchawi wake peke yake, na mimi bajeti yangu ya uchawi nimeshaupa mto.)

Saa 1:00 usiku

Nimempigia mdogo wangu, nikamsomea. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Rudia hapo kwenye *alinyamaza*," akasema.

Nikarudia.

"Haya. Farasi nimemsamehe. Lakini dada, Tao si bandari? Maji yakiwa yanajaa, si yanausukuma mto nyuma?"

Nilitaka kukata simu. Anasema kweli. Maji yakianza kujaa, huchukua kama saa sita kufika juu, na usiku wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo na maji yakajaa kuliko kawaida, ndio huingia mbali zaidi mtoni. Mto uliofurika nao hupunguza mbio ukikaribia bahari. Ujumbe utafika mlangoni mwa Tao na kusimama, maji ya chumvi yakiwa kifuani pake, saa sita nzima, huku walengwa wakiuona mto umevimba tu bila kujua kwa nini. Tumekubaliana iwe mwezi mpevu. Sura ya 15 sasa ina saa sita ambazo jana haikuwa nazo, na zinanitisha kwa namna nzuri.

Saa 3:15 usiku

Kabla ya kulala, daftari jekundu. Kila anayesema na mto hulipa neno moja, na hataweza kulitamka tena maisha yake yote. Zinduwe ameshapoteza kumi na moja. Mimi ndiye mhasibu wake: neno likiingia kwenye daftari, halitoki tena kinywani mwake katika kitabu chochote. Alipopoteza "kulia" nilijuta mwezi mzima, kwa sababu liliondoka na mambo mawili. Siku hizi husema "mkono wa kuume", na machozi yakimtoka hukaa kimya, hana jina la kuyapa.

Leo lilihitajika la kumi na mbili. Nilikuwa nimepanga "nyumbani", nikaona ni neno ambalo mwandishi yeyote angelichukua. Nikajaribu "chumvi", kwa ajili ya bahari. Bila uzito. Kisha nikamwona amepiga magoti kwenye tope, akitaka kumuahidi mdogo wake aliyebaki ngomeni, na nikaandika kwenye daftari: 12. *Kesho.*

Nimefungua kompyuta na kutafuta neno hilo katika rasimu ya sura zinazofuata, kuanzia ya 15 hadi ya mwisho. Limetoka kinywani mwake mara 43. Nimeanza na la kwanza. "Tutaonana kesho," anamwambia nahodha. Nimekata, nikaandika juu yake: "Tutaonana kukicha."

Yamebaki 42, na bado sijaamua kama keshokutwa nalo limeondoka.