Kumbukumbu ya paa: kabla bati la kwanza halijang'olewa

Mradi umefika hapa: paa litaezuliwa lote, upande mmoja kwanza kisha wa pili, na litaezekwa upya kwa bati. Tumeishi na viraka kwa misimu kadhaa. Lami huku, silikoni kule, kipande cha bati kimechomekwa chini ya kingine. Kiraka kinashika, maji yanahamia jirani. Kabla ya kuagiza chochote nilitaka jibu la swali moja: kilichochoka ni bati, au ni mbao zinazolibeba? Kama ni bati tu, kazi ni nyepesi. Kama ni mbao, seremala anaanza kabla ya mwezekaji.

Jumamosi, darini

Nilipanda jua likiwa utosini, nikakaa gizani bila tochi mpaka macho yakazoea. Matundu yakajitaja yenyewe. Mwanga ulipenya zaidi kwenye maungio, pale bati linapolalia lenzake, na kuzunguka misumari. Kwenye maungio sababu inaeleweka: mwanya mwembamba hunyonya maji na kuyashika, hapakauki upesi, zinki inalika, na kutu inaanzia upande ambao mtu aliye nje hauoni. Misumari nayo inasumbuliwa na jua. Chuma kikipata joto kinatanuka. Bati la mita 4.9 likipita kwenye tofauti ya nyuzi 40 za Selsiasi linarefuka zaidi ya milimita 2. Mchana linasukuma, usiku linarudi. Baada ya miaka tundu la msumari limepanuka, mpira wa washa (kipete kilicho chini ya kichwa cha msumari) umekakamaa, na kichwa cha msumari kimeinuka.

Doa kubwa la dari ya sebule halikuwa chini ya tundu lolote. Nilifuata michirizi kwa tochi: maji yanaingia karibu na kofia (bati la kileleni mwa paa), yanateremka yakiambaa na ubavu wa papi (mbao zinazopigiliwa bati), yanakutana na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), na hapo ndipo yanapodondoka. Kutoka tundu mpaka doa ni zaidi ya hatua mbili za mtu mzima. Viraka vilivyowekwa juu ya doa vilikuwa vinaziba pakavu.

Kitu kingine, chumba cha nyuma. Dari lake lina unyevu hata wakati ambao mvua haijanyesha. Hilo ni jasho la bati: hewa ya vuguvugu yenye mvuke inapanda, inagusa bati lililopoa usiku, mvuke unageuka matone. Kubadilisha bati peke yake hakutatibu. Panahitaji matundu ya hewa upenuni na karibu na kofia ili hewa ipite, na karatasi ya kuzuia unyevu chini ya bati. Nimeyaandika kwa wino mwekundu, maana ni rahisi kusahaulika.

Katikati ya wiki, fundi na bisibisi

Fundi alikuja, akapanda na bisibisi tu. Akawa anadunga kila mbao inapokutana na nyingine na inapogusa ukuta. Mbao nzima inakataa ncha, iliyooza inaipokea. Kenchi nyingi zilikataa. Alipofika kwenye miguu ya kenchi mbili za upande ambao gata (mfereji wa maji ya paa) limevuja siku nyingi, bisibisi ikazama karibu nusu ya chuma chake bila yeye kusukuma sana. Akaichomoa, akaipangusa unga kwenye suruali, akaniangalia. "Bosi, hapa ukiweka bati jipya unavalisha mgonjwa suti."

Basi jibu likapatikana. Kenchi zinabaki isipokuwa hizo mbili, ambazo miguu yake itakatwa na kuungwa kwa mbao mpya na bolti. Papi zinabadilishwa zote, kwa sababu zimetobolewa misumari mpaka hakuna pa kushika. Fashabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) la upande wa gata linatoka pia. Mbao mpya zitakuwa zimetiwa dawa ya mchwa, ila kuna tahadhari: dawa nyingi za mbao zina shaba ndani yake, na shaba ikikutana na zinki au aluminiamu penye unyevu, bati linalika. Kwa hiyo mbao zikauke kabisa kwanza, na kati ya papi na bati upite ukanda wa lami.

Nilimuuliza pia kuhusu kuzifunga kenchi na ukuta. Za kwetu zimekaa kwa misumari michache. Paa jepesi haliangushwi na uzito wake, linanyanyuliwa na upepo, na unaanzia pembeni, kwenye pembe na kwenye kofia. Kila kenchi itafungwa ukutani kwa ukanda wa chuma, na maeneo hayo yatapigwa skrubu kwa ukaribu zaidi. Hili silipunguzi hata bajeti ikibana. Heri nipunguze kwenye rangi.

Vigae au bati

Mama watoto anapenda vigae, na kwa macho ana haki. Nikafanya hesabu ya uzito. Vigae vya saruji vina kilo 40 hadi 50 kwa mita ya mraba. Bati la chuma la milimita 0.4 halifiki kilo 5. Paa letu lina mita za mraba 118, kwa hiyo vigae ni takriban tani 5 au zaidi, bati ni karibu nusu tani. Kenchi zetu zilijengwa kwa ajili ya bati. Kuweka vigae ni kujenga kenchi upya, na hapo mradi umeshakuwa mwingine. Mjadala ukafungwa, ingawa wa rangi haujafungwa. Yeye anataka nyekundu iliyoiva, mimi nataka rangi hafifu kwa sababu inarudisha jua.

Kuhusu unene, nimeacha kuuliza geji (namba ya unene wa bati) peke yake. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, hilo watu wengi wanalijua, lakini geji ya chuma na ya aluminiamu hazilingani, na unene unaotajwa wakati mwingine umehesabu na rangi. Nauliza milimita za chuma chenyewe kabla ya rangi, na naomba ziandikwe kwenye risiti.

Vipimo

Nyumba ni mita 11 kwa 8, upenu sentimita 60 kila upande, kwa hiyo kutoka juu ni 12.2 kwa 9.2. Mwinuko niliupata kwa pimamaji na rula: kwa kila sentimita 60 za mlalo, paa linashuka 20. Hiyo ni moja kwa tatu, na ukizidisha mlalo kwa 1.054 unapata urefu wa mteremko. Nusu ya 9.2 ni 4.6, inakuwa 4.85, naongeza sentimita 5 za kuingia kwenye gata, nakata 4.9. Bati la kipande kimoja kutoka kofia hadi gata, bila ungio la katikati. Baada ya niliyoyaona darini, ungio moja pungufu ni faida tosha.

Mtego uko kwenye upana. Bati nililopima lina sentimita 90, lakini likilaliwa na lenzake linafunika 80. Ukigawa kwa 90 unapata mabati 14 kila upande. Ukigawa kwa 80 unapata 16. Tofauti ni mabati manne kwa nyumba nzima.

Gata nimelihesabia maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, na eneo linalohesabika ni lile la kutoka juu, mita za mraba 112. Mvua ya milimita 25 ni lita 2,800, nusu kila upande. Bomba moja la kushushia halitoshi. Nimeweka mawili kila upande, na gata lishuke milimita 3 hadi 5 kwa kila mita.

Tumekubaliana kuwa kukata ni kwa makasi ya bati. Cheche za grenda zinaunguza zinki, na unga wa chuma unaobaki juu ya bati unaota kutu mapema. Fundi alisita, kazi inachelewa, lakini amekubali na tumeiandika.

Kinachosubiri: turubai la kufunika upande ulio wazi ikitokea mvua, mbao za papi zianikwe, na mabati ya zamani yachambuliwe (mazima yanaenda banda la kuku). Siagizi bati mpaka papi ziwe zimepigwa na nimepima tena kutoka kona hadi kona. Kama paa si mstatili kamili, afadhali nijue nikiwa bado na kalamu.