Jitwike Godoro Lako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii mchwa wameingia kwenye sanduku langu. Jumanne jioni nilipotoka kazini niliona njia ya udongo imepanda ukutani nyuma ya kitanda, nikalivuta sanduku la mbao na kulifungua. Ndani mna nguo za watoto za utotoni, vyeti, na madaftari yangu ya maombi. Tangu nimeokoka, kila mkesha wa mwaka mpya huandika haja ninazompelekea Bwana mwaka unaoanza. Nikayatoa yote, nikayaanika juani juu ya mkeka kesho yake asubuhi. Wadudu wale walikuwa wamekula pembeni pembeni tu, katikati maandishi yamebaki yanasomeka. Nikakaa pale uani nikaanza kusoma.

Daftari la kwanza: "Bwana, mwaka huu naomba unipe mtu wa kunishika mkono nifungue ofisi yangu ya kushonea." La pili, maneno yale yale. La tatu nimeongeza, "mtu mwenye uwezo na moyo wa kusaidia." Kwenye moja nimelipigia neno "mtu" mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Madaftari manane, wapendwa. Miaka minane haja ni moja, na kila mwaka inaanzia kwenye neno hilo hilo.

Nilishtuka, kwa sababu sentensi ile nilikuwa naijua. Niliijua tangu shule ya Jumapili, ila sikuwahi kufikiri kwamba ni yangu.

Twendeni Yohana 5. Yerusalemu, penye mlango wa kondoo, kwenye birika la Bethzatha lenye matao matano. Wagonjwa wamelala wanangoja maji yatibuliwe. Kati yao yupo mmoja ambaye hawezi kwa muda wa miaka 38. Bwana anamwona, anajua amekaa pale siku nyingi, anamuuliza: "Wataka kuwa mzima?" Mgonjwa hasemi ndiyo wala hapana. Anasema, "Bwana, mimi sina mtu wa kunitia birikani, maji yanapotibuliwa; ila wakati ninapokuja mimi, mtu mwingine hushuka mbele yangu."

Sina mtu. Mnajua jinsi maneno haya yalivyotujaa midomoni. Kijana ana cheti chake kizuri, ukimuuliza kwa nini hajaomba ile nafasi ya kazi iliyotangazwa anakwambia zile zina wenyewe, mimi sina mtu pale. Mama ana eneo, ana nguvu, bustani hailimwi. Sina mtu wa kunipa mtaji. Tumelisema sana mpaka limekuwa kama salamu. Nami nilikuwa nalisema mbele za Mungu kila mkesha, kwa machozi, watu wakiitikia amina.

Sasa tafadhali msinielewe vibaya. Yule mgonjwa hakusema uongo. Kweli hakuwa na mtu. Kweli wenzake walimtangulia, tena kwa miaka mingi, na ni jambo chungu kuona mwenye ndugu anabebwa anapona wakati wewe umelala pale pale. Kuna mambo tumefanyiwa ambayo hayakuwa haki, na Bwana anayajua yote. Ndiyo maana hakumkemea. Hakumwambia "wewe ni mvivu." Lakini angalieni alichofanya: lile neno la "sina mtu" hakulijibu kabisa. Hakumtafutia mtu. Hakuzungumzia tena habari za maji. Alimwambia, "Simama, jitwike godoro lako, uende."

Nimekaa na neno hilo moja wiki nzima: *jitwike*.

Mimi nimekulia chini ya milima ya Uluguru, na maji tulichota mtoni. Aliyekulia huko anajua kwamba kutwika ni kazi ya watu wawili. Ukishajaza ndoo unamwita mwenzio, "nitwike," anashika upande wa pili, mnainyanyua pamoja mpaka ikae kichwani juu ya kata. Ukifika nyumbani unaomba tena, "nitue." Ndivyo tulivyolelewa na ni vizuri. Mimi nilikuwa mdogo kwa dada yangu kwa miaka mitano, na kila siku yeye ndiye alinitwika kwanza, kisha yeye akatwikwa na wenziwe wakubwa.

Siku moja alikuja kuchelewa shule kwa sababu yangu, akaniambia, "Leo jitwike mwenyewe," akaondoka. Nilibaki pale mtoni nalia. Nikangoja mtu apite. Hakupita mtu. Jua likapanda. Mwishoni nikaisogeza ndoo kwenye jiwe, nikapiga magoti, nikaipandisha kwanza kwenye paja, kisha kifuani, maji yakanimwagikia mpaka kwenye sketi, halafu nikasukuma kwa nguvu zote ikakaa kichwani. Nusu ya maji ilimwagika. Nikafika nyumbani nimelowa mwili mzima, na mama hakuniuliza kwa nini maji ni nusu. Aliyamimina kwenye mtungi akasema, "Umejitwika." Mpaka leo nalisikia lile neno kwa sauti ya mama.

Na hebu fikirini, huyu wa Bethzatha hakuwa na nguvu hata ya kujikokota mpaka majini. Kumwambia mtu wa namna hiyo *jitwike*! Lakini ndani ya amri mlikuwa na nguvu. Bwana wetu akikuagiza, anakuagiza pamoja na uwezo wa kutii. Nguvu zile hazikumjia akiwa bado amelala anangoja kuzisikia mwilini. Zilimjia katika kuinuka. Ilikuwa hivyo hivyo pale bahari ya Shamu, Musa analia, na Bwana anamwambia, "Mbona unanililia mimi? Waambie wana wa Israeli waendelee mbele." Bahari yenyewe ilikuwa bado haijagawanyika.

Nataka niseme na sisi tunaopenda maombi ya kufunguliwa, maana mimi ni mmoja wao na siwezi kuacha kuyapenda. Tumekwenda mbali mno. Mtu biashara ikilala, kabla hajahesabu aliuza nini na alikopesha nani, ameshaambiwa kuna shangazi amefunga nyota yake. Kijana anafeli mtihani ambao hakuusomea, tunamwekea mikono na kulaani roho za ukoo. Wapendwa, tunawaonea shangazi zetu! Tunavunja undugu kwa ajili ya kazi ambayo hatukuifanya. Ni Adamu yule yule wa bustanini: "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Kwa sentensi moja amemlaumu mkewe na amemlaumu Mungu aliyempa mke, na lile neno "nikala" limebaki mwishoni, dogo, kama vile halikuwa lake. Na sisi viongozi tuna sehemu yetu katika hili. Ni rahisi kumwambia mtu amefungwa kuliko kumuuliza jana alifanya nini.

Narudi kwangu, maana sikuandika haya ili niwapige wengine.

Miaka yote hiyo minane nimeshona kwenye fremu ya mtu, kwa kugawana. Nilitaka cherehani ya umeme na ovaloki, nilitaka fremu yangu barabarani, na nilijua gharama zake zinanishinda. Kwa hiyo nikaomba mtu. Na Jumatano ile, nimekaa kwenye mkeka na madaftari yangu, likanijia swali la Elisha kwa yule mjane wa 2 Wafalme 4: "Una kitu gani nyumbani?" Nikajibu haraka moyoni, sina kitu. Nikanyanyua macho. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi.

Pale sebuleni kuna cherehani ya marehemu mama. Ya miguu, ya zamani, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika. Mkanda wake ulikatika mwaka ule aliofariki. Nikaifunika kitenge, na baadaye tukaweka televisheni juu yake. Wanangu wamekua wakiijua kama meza ya televisheni. Miaka minane namwomba Mungu cherehani, na kila jioni nimekaa nikiiangalia.

Nililia, nawaambia ukweli. Kisha nikamwita mwanangu tukaishusha televisheni, tukaiweka kwenye stuli. Nikaitoa kitenge. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye gurudumu, na ndani ya kikasha cha bobini mlikuwa na uzi wa bluu aliokuwa anashonea mama mara ya mwisho. Nikauacha ule uzi ulivyo. Nikaipaka mafuta, nikaenda sokoni kununua mkanda, na fundi akanifungia. Ile ya kwanza kushona ilikuwa foronya ya mto tu, lakini ilikwenda.

Na kuna jambo lingine ambalo lazima niliungame. Mnaijua ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Miaka na miaka nimeisikia ikitangazwa, mpaka hapa kanisani tumetangaziwa. Sikuwahi kwenda. Nilisema hupewa wanaojuana. Iliposimamishwa mwaka 2023 nikawa wa kwanza kusema, "Si niliwaambia?" Niliwaambia nini, wakati ilipokuwa wazi sikufika hata mlangoni kuuliza? Ikarejea, nikanyamaza. Alhamisi hii nimekwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu. Ni dakika kumi na tano kwa miguu kutoka kazini kwangu. Alinipokea vizuri, akanieleza: muwe kikundi, muwe na katiba, msajiliwe, muwe na akaunti, muandike mradi wenu. Aliponiuliza kama nina swali nilishindwa kusema. Nilikuwa nahesabu miaka.

Huenda tukakosa. Sijui. Huenda kikundi kikavunjika kabla hakijaanza, tumeviona vingi. Lakini mtu akikosa baada ya kwenda, ana jambo la kumwambia Mungu tofauti na yule ambaye hakwenda.

Jambo moja tu niongeze kuhusu huyu ndugu wa Bethzatha, maana linatia moyo. Alipoinuka na godoro lake, watu wa kwanza aliokutana nao walimkemea: "Leo ni sabato, si halali kwako kujitwika godoro." Miaka 38 alipokuwa amelala, hatusomi kwamba yupo aliyemjia na neno. Siku alipobeba chake, wakaja. Ukianza, jiandae kwa hilo. Utaambiwa umeanza kuringa, utaulizwa umetoa wapi. Wewe endelea na safari, godoro liko kichwani.

Na tusisahau Wagalatia 6, maana kuna anayesoma hapa akiwa chini ya uzito ambao kweli ni zaidi ya mtu mmoja: mgonjwa, aliyefiwa, mama anayelea watoto wanne peke yake. Paulo anasema mchukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Yote mawili. Mzigo unaita wenzio uwanyooshee mikono wakutwike, na kanisa ambalo halimtwiki mwenye mzigo limekosa. Furushi ni lile ambalo kila asubuhi lina jina lako. Mimi nililipeleka furushi langu kwenye maombi miaka minane nikiliita mzigo. Kama una mzigo, mpigie simu mzee wa jumuiya yako leo, usingoje Jumapili. Kama ni furushi, mpendwa wangu, nakusihi kwa upendo wote, usilale nalo tena wiki hii. Ile barua iandike. Ile fomu kaichukue. Deni lile unalomkwepa mtu mpaka unabadili njia ya kwenda sokoni, nenda kamwambie nitakulipa kidogo kidogo. Bwana yule yule amesimama juu ya kitanda chako anauliza swali lile lile, na anakupenda mno kuliko wewe unavyojihurumia.

Dada yangu nilimpigia simu juzi usiku, nikamkumbusha siku ile ya mtoni. Amesahau kabisa. Akasema, "Nilikuacha kweli? Nisamehe mdogo wangu." Nikamwambia hakuna la kusamehe.

Ombi langu la wiki hii ni hili. Jumatatu saa kumi jioni tunakutana wanawake watano nyumbani kwangu kuandika katiba ya kikundi. Wanne ni mafundi, mimi nikiwemo. Wa tano ni jirani yangu wa ukuta mmoja, Mwislamu, mwandishi mzuri, ndiye atakuwa katibu wetu. Tuombeeni tuelewane. Daftari jipya nimeshalinunua. Kwenye ukurasa wa kwanza, pale ambapo miaka yote huandika nipe mtu, nimeandika majina yetu matano, siku, na saa.